Bampa Yenye Soksi

Watu wa pwani wakisikia neno baridi wanafikiria Arusha, basi. Hao hawajawahi kupanda pikipiki Mbinga mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala barabarani na umande unapenya kwenye suruali mpaka magoti yanakuwa si ya kwako. Raimundi aliwahi kuona dereva amefika stendi akashindwa kushuka. Ikabidi wenzake wamshushe kama mgonjwa, wamkalishe kwa mama ntilie karibu na jiko, wamsugue miguu, na yeye analia kweli kweli, mwanaume mzima. Siku hiyo ndipo wazo lilipomwingia.

Raimundi alikuwa fundi cherehani, tena si wa kubabaisha. Zamani alishona sare za shule na suruali za Krismasi, wateja wamejaa mpaka barazani. Halafu biashara ikafunguliwa milango, marobota ya mitumba yakaingia, na nani tena angeshona suruali wakati ya Mzungu inauzwa kwa bei ya chai na maandazi? Akahamia kwenye makochi. Haya, makochi nayo wangapi wanayo? Akawa anashinda kutwa kwenye kibaraza cha duka la Masoudi Fakihi, muuza maturubai na misumari ambaye babu yake alitoka Kilwa, ameegemea cherehani na kuangalia watu wanavyopita.

Ndipo wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kulipa taslimu shambani. Wakulima wa milimani, waliozoea kungoja malipo ya ushirika mpaka wanasahau walichouza, sasa wakawa wanashuka mjini na hela mfukoni na kurudi na pikipiki za Kichina. Zilimiminika jamani! Kila moja ilikuja na bampa, yale mabomba ya chuma yaliyopinda mbele ya injini ili isiumie pikipiki ikianguka. Wengine waliona chuma tu. Raimundi aliona fremu ya kochi inayongoja kuvishwa.

Msidhani ilikuwa kazi rahisi. Kava la kwanza alilishona kwa turubai tupu na kulifunga kwa kamba. Pikipiki ilipokolea mwendo likawa linapiga makofi, paa, paa, paa, mpaka dereva akalikata kwa kisu njiani akalitupa mtaroni. La pili alilikaza kwa mipira ya tyubu. Likatulia, lakini likaziba upepo wote, injini ikachemka kwenye mlima wa Kingerikiti, na mwenye pikipiki akaja kibarazani na matusi ya nguoni mbele ya wateja wa Masoudi. La tatu alilitoboa madirisha mawili ili injini ipate hewa, na mvua ikapita humo humo ikamwagika kwenye miguu. Mtu mwingine angeacha. Raimundi akachukua boksi la sabuni, akakata mfano, akaujaribisha kwenye bampa, akapunguza hapa, akaongeza pale, akarudi nao nyumbani, akala huku ameuweka mapajani.

"Baba Otilia," Luisa mkewe alimwambia, "hilo boksi si ulioe tu?"

Kava la nne ndilo lililompa jina. Madirisha aliyahamishia pembeni, akayafunika kwa mkunjo kama ukosi wa koti, hewa ikaingia na maji yakabaki nje. Kisha, kwa kuwa miguu ndiyo iliyokuwa inaumia, akaongeza kitu ambacho fundi wa Songea hajakiota wala wa Njombe. Kila upande, pale mguu unapokanyaga, alishona mfuko mnene wa turubai wenye bitana ya blanketi kuukuu. Dereva anauchomeka mguu humo, na breki ya mguu imo humo humo, na joto la injini linabaki ndani linamkanda. Mdomo wa ule mfuko aliupiga mshono mara tatu usichanike. Madereva wenyewe wakauita soksi. Kufikia mwezi wa nane usingemwona dereva wa maana Mbinga ambaye bampa yake haina soksi.

Vipimo alivichukua pale kibarazani, pikipiki imesimama kwenye stendi yake, dereva amekaa juu na ndala zake miguuni. Maana madereva wetu ni watu wa ndala, hata kwa baridi ile, hawasikii. Kiangazi chote Raimundi alipima ndala, akakata ndala, akashona ndala. Haikumjia akilini kwamba mwezi wa kumi na moja mvua ingekuja, tope lingekuja, na watu wa milimani wangetoa mabuti ya mpira uvunguni.

Wa kwanza kuvaa soksi alikuwa Cuthbert wa Kingerikiti. Huyo alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, anashusha maharage ziwani na kupandisha dagaa na samaki wa mbasa, na kila alikopita aliitangaza kazi ya Raimundi bila kulipwa. Walikuwa wameshakuwa marafiki hasa, Raimundi akimwita mkewe shemeji na kula ugali kwake akipita. Mwezi wa kwanza, siku ya mvua, Cuthbert alisimamisha pikipiki mbele ya kibaraza, tope mpaka kiunoni, akaingiza kichwa chini ya paa.

"Fundi, hii soksi ya kulia inanibana. Nikivaa buti, mguu ukishaingia unakuwa mgumu kunyanyuka."

Raimundi hakuinua macho. Masoudi alikuwa amepata wateja Mbamba Bay na alitaka makava arobaini kabla ya mwisho wa mwezi wa pili, na fundi alikuwa hana muda hata wa kujikuna.

"Turubai likilowa lazima libane. Tembea nalo, litaachia lenyewe."

"Na breki je?"

"Si unayo ya mkono?"

Cuthbert akacheka. "Wewe fundi una maneno! Mtu anashuka ziwani kwenye tope na breki ya mkono? Si nitapita juu ya usukani kama chura?"

"Basi njoo wiki ijayo nikupanulie."

"Wiki ijayo," Cuthbert akasema, akawasha pikipiki na kuondoka zake. Kazi yenyewe ilikuwa ya robo saa. Afumue mshono, aongeze kipande cha vidole vitatu, aushone tena. Robo saa, jamani! Raimundi alikuja kuihesabu hiyo robo saa mara nyingi sana baadaye.

Wiki iliyofuata Cuthbert hakuja, na iliyofuata hakuja. Katikati ya mwezi wa pili, saa nane mchana, alikuwa anateremka kwenda ziwani na magunia mawili ya maharage. Kwenye kona lilikuwa limekwama lori la mbao, limelala njia nzima. Matingo wa lori walimwona anakuja. Walisema hakuwa na mwendo mkubwa, ila pikipiki ilikataa kupunguza, na yeye alikuwa anauvuta mguu wa kulia, anauvuta, anauvuta, kama kuna mtu ameushika. Akaingia chini ya lori. Alifia pale pale.

Raimundi alizika. Alibeba jeneza, alitupa udongo, alilia kama ndugu. Alimpa mkono mjane, Scholastica, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na mtoto anayenyonya mgongoni na wengine wawili ubavuni, akamwambia pole shemeji, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Kitu kilikuwa kinamkwaruza moyoni tangu aliposikia habari ya mguu, lakini alikuwa anakikanyaga. Kichwani alikuwa anajiambia ni lori, ni tope, ni maharage mengi mno.

Siku tatu baada ya mazishi Egidi, kaka mkubwa wa marehemu na mwenye sauti katika ule ukoo, alileta pikipiki mjini kwenye gari la mizigo. Alitaka itengenezwe iuzwe.

"Hilo kava litoe, fundi," alisema. "Lina damu. Mimi nakwenda kwa fundi wa injini, narudi saa kumi."

Raimundi alipiga magoti akaanza kufungua mipira. Upande wa kushoto ulitoka vizuri. Upande wa kulia ulikataa, mzito. Akaingiza mkono kwenye soksi na kugusa mpira.

Buti lilikuwamo. Waliomtoa Cuthbert walivuta mguu, mguu ukatoka, buti likabaki, na katika zile kelele hakuna aliyeangalia. Raimundi alilivuta kwa mkono mmoja, halikutoka. Akalivuta kwa miwili, goti amelikaza kwenye bampa, halikutoka. Mgongo wa buti ulikuwa umenasa chini ya mdomo wa soksi, chini ya ule mshono wa mara tatu, na ncha yake ilikuwa imeingia chini ya breki badala ya kuwa juu yake. Mtu aliyekuwa ndani ya lile buti alikuwa amejaribu kuunyanyua mguu aikanyage breki, na turubai likamkatalia. Ikabidi Raimundi achukue wembe akate uzi wake mwenyewe, mshono mmoja baada ya mwingine, ndipo buti likamwachia.

Alikaa chini. Sasa sikilizeni alichofanya, na mimi simtetei. Mwanaume mwenye akili timamu, Mkristo, baba wa watoto wanne, alizunguka nyuma ya duka na lile buti ndani ya koti lake, akaingia chooni, akalitumbukiza shimoni. Alilisikia lilivyotua. Kisha akaichoma soksi kwenye jiko la mkaa analopashia pasi. Egidi aliporudi alimwambia kava lilikuwa limechanikachanika, amelitupa. Egidi akamshukuru. Akamshukuru!

Tangu siku hiyo Raimundi akaanza kukata makava yasiyo na soksi. Masoudi alikuwa mtu mzima wa miaka sitini, mpole, mwenye macho ya kuona mbali kwenye biashara na kwenye watu. Alivumilia siku mbili.

"Raimundi, wateja wa Mbamba Bay wameagiza yenye soksi. Haya unayokata ni nini?"

"Soksi ina kasoro, mzee."

"Kasoro gani?"

Raimundi akamwambia. Alimwambia yote, mpaka choo. Hakujua kwa nini aliweza kumwambia yeye, labda kwa sababu hakuwa wa ukoo wala wa parokia. Masoudi alizungusha tasbihi yake mpaka punje ya mwisho.

"Haya makava arobaini nitakaa nayo mimi, usiyafikirie," alisema mwishowe. "Wewe nenda Kingerikiti ukaseme. Nenda leo, kabla hujaulizwa. Ukishaulizwa utadanganya, nakufahamu."

"Wataniua, mzee."

"Huenda wakakupiga. Nenda."

Raimundi alisema atakwenda kesho. Kesho yake akasema mvua. Siku ya tatu Luisa akarudi kutoka sokoni na habari, akaitua pamoja na kapu.

"Umesikia ya Kingerikiti? Wanasema Scholastica ndiye aliyemla mumewe."

Mambo yalikuwa hivi. Kabla ya Krismasi Cuthbert alilala ziwani siku tatu, na mkewe, ambaye naye hakujaliwa ulimi laini, alimpigia kelele bombani mbele ya watu, "Iko siku hiyo pikipiki itakurudisha hapa umeviringishwa kwenye mkeka!" Wanawake ishirini walisikia. Sasa matingo wa lori wamekuja na hadithi ya mguu ulioshikwa. Akina Egidi wakajumlisha, wakapata jibu lao. Walikuwa wametuma mtu upande wa Chiwanda amlete mganga wa kunyoa, yule anayewanyoa wachawi nywele na kuwanywesha dawa ili uchawi uwatoke. Kikao kilikuwa Jumamosi.

"Akishanyolewa yamekwisha," Luisa alisema akichambua mboga. "Wazee wamesema atabaki na wanawe pale pale kwenye shamba. Nywele zinaota. Aibu ni ya siku chache tu." Akamwangalia mumewe. "Mbona unatoka jasho?"

Siku iliyofuata, Jumatano, Scholastica mwenyewe alisimama mbele ya kibaraza. Alikuwa ametembea kutoka Kingerikiti tangu jogoo wa kwanza, mtoto mgongoni, kaniki ya msiba imelowa. Raimundi alisimama akampisha kiti. Hakukaa.

"Shikamoo, mzee," alimwamkia Masoudi aliyekuwa mlangoni, kisha akamgeukia Raimundi. "Shemeji, mimi sina maneno mengi. Pikipiki ilikuja kwako. Uliifungua kwa mikono yako. Uliona kitu?"

"Kitu gani, shemeji?"

"Chochote. Kitu cha kuufanya mguu ukatae. Maana mimi sikuushika." Akamvuta mtoto juu mgongoni. "Wataninyoa. Wanaona ni jambo dogo. Mwanangu wa kike ana miaka saba, akifika kuolewa nani atamchukua mtoto wa aliyenyolewa? Kama uliona kitu, uje Jumamosi useme. Sikuombi unisingizie wema. Sema ulichokiona, basi."

Masoudi alikohoa mlangoni. Raimundi alimsikia. Alimwangalia mtoto mgongoni, alimwangalia mama, na maneno yote yalikuwa yamejipanga kinywani, yanangoja tu afungue mdomo. Na alipoufungua alisema, "Sikuona kitu, shemeji. Kava lilikuwa limechanika tu."

Scholastica akaitikia kwa kichwa, taratibu. Akasema asante. Akajifunga mtoto vizuri na kuondoka kuelekea njia ya Kingerikiti, akitembea pembeni kabisa pasipo na tope, kama mtu ambaye bado anaona kuna faida ya kutunza miguu.

"Ah, Raimundi," Masoudi alisema. "Ah." Akaingia ndani ya duka na hakumsemesha tena siku hiyo wala iliyofuata.

Raimundi hakula siku mbili. Jumamosi asubuhi alipiga moyo konde. Alivaa shati la kanisani, akamwambia Luisa anakwenda kutoa rambirambi, akapanda kwa miguu, kwani alishindwa kabisa kukaa nyuma ya pikipiki yenye soksi. Njiani aliyapanga maneno yake na kuyarudia. Alikuwa na hakika ya kitu kimoja, kwamba ukweli una uzito wake. Akiuweka pale katikati, watampiga, watamfukuza, pengine watampeleka polisi, lakini Scholastica atabaki na nywele zake.

Watu walikuwa wamekusanyika nyumbani kwa Egidi, wanaume kwenye banda la kukaushia kahawa, wanawake kwenye mikeka chini ya upenu. Scholastica alikuwa ameketi peke yake kwenye kigoda katikati ya uwanja, manyunyu yanamwangukia. Mganga, mtu mfupi aliyevaa koti la suti, alikuwa anatafuna muhogo wa kuchoma kando, beseni na wembe miguuni pake.

"Tumsifu Yesu Kristo," Raimundi alisema.

"Milele amina. Karibu, fundi," Egidi akajibu. "Hili ni la ukoo, lakini ndugu yetu umemzika. Keti."

"Sitaketi, kaka Egidi. Nina neno. Aliyemuua Cuthbert ni mimi."

Mganga akaacha kutafuna. Raimundi akaeleza. Akaeleza ndala na mabuti, akaeleza siku ile Cuthbert alivyomlalamikia na alivyomjibu, akaonyesha kwa mkono wake jinsi buti lilivyonasa na breki ilipokuwa. Alieleza kama fundi anavyoeleza, polepole, kila mshono mahali pake. Scholastica aliinua kichwa akawa anamwangalia, na uso wake ulianza kufunguka.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa Ignatio, binamu wa marehemu, dereva naye.

"Fundi, mimi soksi ninayo tangu mwezi wa nane. Nashuka ziwani kila wiki. Mbona mimi sijafa?"

"Unavaa ndala."

"Kwenye tope navaa mabuti! Soksi ikibana nautoa mguu nje mapema. Kila mtu anafanya hivyo. Cuthbert naye alikuwa anafanya hivyo, nimemwona."

"Mmesikia," Egidi akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anafikiri kwa sauti, na hilo ndilo lililomtisha Raimundi. "Soksi inabana, sawa, nakubali. Inawabana wote. Wote wanautoa mguu. Sasa kwa nini siku ile, kwenye kona ile, lori liko pale, mguu wa mdogo wangu ulikataa kutoka? Turubai linajua siku? Aliyeuzuia mguu usitoke ni nani?"

Watu wakaguna kwa kukubali.

"Kaka Egidi, buti nililikuta limenasa. Nililiona kwa macho yangu."

"Liko wapi?"

"Nililitupa."

"Wapi?"

"Chooni."

"Na hiyo soksi?"

"Niliichoma."

Mtu alicheka nyuma. Shangazi mmoja mzee, mwembamba, akanyanyua mkono kutoka mkekani.

"Jumatano huyu mwanamke aliaga anampeleka mtoto zahanati. Alirudi jioni anatoka upande wa mjini. Mimi mwenyewe nilimwona."

Egidi akamgeukia Raimundi. "Alikuja kwako?"

Angeweza kusema hapana. Lakini alikuwa amekuja kusema ukweli, na sasa alikuwa ameushikilia kama mlevi anavyoshikilia ukuta.

"Alikuja."

"Kufanya nini?"

"Kuniuliza kama niliona kitu. Aliniomba nije niseme."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia sikuona kitu."

"Jumatano hukuona kitu," Egidi akasema. "Jumamosi umeona, na ulichokiona kimo chooni. Katikati hapo mlikubaliana nini?"

"Hatukukubaliana chochote! Niliogopa, ndiyo maana! Nawaapia kwa Mungu!"

"Mwanaume anaacha kazi yake, anapanda mlima kwa miguu, anasimama mbele ya watu anajitwika damu ya mtu. Kwa ajili ya mke wa mtu." Egidi alitikisa kichwa. "Ulikuwa unakula kwake ukipita hapa. Tulikuwa tunakuona ni ndugu."

Basi ikawa hivyo. Hapakuwa na kelele, hapakuwa na fujo, na hakuna aliyemgusa Raimundi hata kwa kidole. Wazee walisogea pembeni wakanong'ona kidogo tu. Waliporudi walisema kwamba mchawi ananyolewa na kusamehewa, hilo ni la kawaida, lakini mke aliyemuua mumewe ili amfuate hawara hana nafasi kwenye ardhi ya ukoo. Hakuna haja ya wembe. Aende kwao, kijijini Ukata, leo hii. Mtoto anayenyonya ataondoka naye mpaka aachishwe, kisha ataletwa. Wale wawili ni wa ukoo, wanabaki. Mganga akaambiwa asante kwa safari yake, akaanza kufunga vitu vyake kwenye mfuko.

Scholastica hakulia. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na fungu dogo la nguo na sufuria moja. Binti yake wa miaka saba alimkimbilia, shangazi akamdaka kiunoni, na yule mtoto akawa anarusha miguu hewani akiita mama, mama, mama. Mama alisimama. Akataka kurudi, akaona Ignatio na wenzake wamejipanga mbele yake, akageuka.

Njia ilimpitisha alipokuwa Raimundi.

"Shemeji," Raimundi alisema, machozi yanamtoka bila haya, "nimesema ukweli. Wallahi nimesema ukweli wote."

"Umeusema," Scholastica akajibu. "Umeusema baada ya kuutumbukiza chooni. Jumatano ungenipa, ningejua pa kuupeleka. Leo kama ungekaa kwako, wangeninyoa tu, na saa hizi ningekuwa napika wanangu wale."

Akajitwika lile fungu, akashika njia ya Ukata. Yule binti aliendelea kuita mpaka sauti ikamkauka. Raimundi alibaki amesimama pale pale uwanjani, na watu wakawa wanampita kwa mbali wakirudi majumbani kwao, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza kushika kasi.